Anasoma picha, hasomi maneno: je, nimfungie vitabu?

Swali: Shikamoo mwalimu. Mwanangu ana miaka sita, yuko darasa la kwanza hapa Igoma, Mwanza. Nilimnunulia vitabu vitatu vya hadithi vyenye picha, akawa anavisoma mpaka mwisho bila kukwama, nami nikajisifu kwa majirani. Juzi nikafunika picha kwa kiganja. Akanyamaza, machozi yakamlenga. Kumbe amekariri tu. Baba yake anasema picha ndizo zilizomharibu, tuvifungie vitabu hivyo kabatini abaki na kitabu cha silabi cha shule. Bibi yake tunayeishi naye, ambaye hajui kusoma, anasema tumwache mtoto na vitabu vyake. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mama. Vitabu visifungiwe. Nalisema hilo mwanzoni usije ukasoma jibu lote huku roho iko juu. Baba yake hakukosea kila kitu, maana tatizo aliloliona ni la kweli, ila amemkamata asiyehusika.

Mwanao hakuwa akikudanganya. Nilifundisha darasa la kwanza miaka mingi kabla ya kuingia katika kazi ya kuhariri vitabu vya watoto, na watoto wa namna yake nimewapokea kila Januari. Ni wale waliotangulia wenzao. Anajua kitabu hushikwa vipi na hufunuliwa kuanzia wapi. Anajua maneno ya kitabu hayabadiliki, kwamba hadithi uliyomsomea Jumatatu ni ile ile Ijumaa. Anaweza kusimulia kisa tangu mwanzo hadi mwisho bila kuruka tukio. Mtoto asiye na kitabu nyumbani huja kuyaanza hayo yote darasani, akiwa mmoja kati ya wenzake wengi, na mwalimu ana mdomo mmoja. Wako amebakiza jambo moja, nalo ni kubwa: hajatambua kuwa sauti zimefichwa kwenye herufi. Hajajua kwamba samaki ameandikwa sa-ma-ki, na kwamba hata picha ikifutwa yote, samaki bado yupo pale.

Hilo hafundishwi na kabati lililofungwa.

Mwambie baba yake pia kwamba picha kwenye kitabu cha kujifunzia si mtindo wa juzi. Mwaka 1658 mwalimu aitwaye Comenius, mzaliwa wa Moravia katika nchi ya Cheki ya leo, alichapisha huko Nuremberg, Ujerumani, kitabu cha kuwafundishia watoto Kilatini. Kila somo lilikuwa na picha, vitu ndani ya picha vikapewa namba, na maneno ya chini yakabeba namba zile zile ili mtoto aunganishe kitu na neno lake. Tazama alivyofanya: hakuiacha picha ikae badala ya neno, aliifunga na neno. Nitakayokueleza yanatoka kwenye tofauti hiyo.

Vitabu vyenye picha vya watoto wadogo ni vya aina mbili, na madukani hupangwa rafu moja, tena mara nyingi na jalada linalofanana. Aina ya kwanza ni kitabu cha kumsomea mtoto. Lugha yake ni tamu na ndefu, ina misemo, ina maneno ambayo mtoto hajawahi kuyasikia, na picha zake zinabeba nusu ya hadithi. Msomaji ni wewe. Yeye anasikiliza na kutazama. Aina ya pili ni kitabu cha mtoto kusoma mwenyewe. Hicho maneno yake yanatakiwa kuwa mepesi kulingana na silabi alizokwisha fundishwa, na picha yake inatakiwa kukaa nyuma kidogo, imsaidie kuelewa bila kumtajia neno. Nina hakika vile vitatu ulivyonunua ni vya aina ya kwanza. Umempa mtoto kitabu cha kusomewa, kisha ukampa mtihani wa kitabu cha kusoma. Wewe hukuambiwa, na yeye hakuambiwa.

Hapa nikae kidogo, kwa sababu ndipo wazazi wengi wanapopotezwa na hesabu ya maneno. Nyuma ya vitabu vingi utakuta imeandikwa ngazi ya kwanza, ngazi ya pili, na watu hupima wepesi kwa kuhesabu maneno ya kila ukurasa. Kipimo hicho kinafaa lugha ya Kiingereza, ambayo maneno yake ya mwanzo ni mafupi. Kiswahili chetu hufunga sentensi nzima ndani ya neno moja. Chukua "hawakumkimbilia". Kwa kuhesabu ni neno moja, basi ukurasa huo utaonekana mwepesi kuliko yote. Sasa msikilize mtoto akilipanda: ha-wa-ku-m-ki-mbi-li-a. Silabi nane, na katikati yake kuna m iliyosimama peke yake bila irabu. Akifika kwenye a ya mwisho ameshasahau ha ya mwanzo, na ha ndiyo iliyobeba maana yote ya kukataa. Vitabu vilivyotafsiriwa kutoka Kiingereza bila mhariri anayejua darasa la kwanza vimejaa milima ya namna hii. Lakini "Kaka ana kasia" ni maneno matatu, silabi saba, na hakuna hata moja inayomkwaza.

Kwa hiyo ukipima kitabu usihesabu maneno, angalia silabi. Tangu mtaala wa KKK uanze mwaka 2015, darasa la kwanza na la pili limeelekezwa zaidi kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na mtoto huanza na irabu tano, kisha konsonanti moja moja zinazoungana nazo: ba, be, bi, bo, bu. Maneno kama mama, kuku, ziwa, jiwe, samaki, sato huwezekana mapema sana. Ugumu unaanza konsonanti zikishikana: mb, nd, ng, nj, nz, halafu zile za w kama kw, mw, bw. Mtumbwi, kitu anachokiona kila siku akishuka ziwani, una mbwi mwishoni, na hiyo ni moja ya silabi nzito kabisa. Hata jina la mji wake lina silabi mbili tu, mwa-nza, na zote mbili ni za konsonanti zilizoshikana. Nimewaona walimu wageni wakiliandika ubaoni siku ya kwanza kwa nia njema, wakidhani kwa kuwa mtoto analijua litakuwa rahisi. Kulijua neno kwa sikio na kulisoma ni safari mbili.

Muulize mwalimu wake swali moja tu: mmefikia herufi zipi? Kisha andika kwenye kipande cha karatasi silabi za herufi hizo hizo zikiwa zimeunganishwa bila maana yoyote, kwa mfano tibo, mepa, nasu, loki. Mwambie ni majina ya wanasesere, ayasome. Maneno hayo hawezi kuyakariri wala kuyabahatisha kwa picha. Akiyasoma, hata polepole, ujue kusoma kumeanza na una haki ya kurudi kwa majirani. Akikwama, anahitaji mazoezi ya silabi, dakika kumi kila siku, wala picha haina kesi hapo. Usifunike tena picha mbele yake kwa kumshtukiza. Mtoto aliyeaibishwa na kitabu hukikimbia kwa muda mrefu.

Jambo la kuzingatia kwa watoto wa huku kwetu. Kama bibi yake ni Msukuma na nyumbani mnazungumza Kisukuma, huenda mwanao atasoma "kalatasi" panapoandikwa karatasi na "ludi" panapoandikwa rudi. Usimkatize. Kisukuma hakina r, kwa hiyo ulimi wake unaipeleka kwenye l anayoijua. Herufi ameiona, ameitambua, kilichobaki ni matamshi, nayo yatakuja kwa kusikia na kuigiza. Kosa la kusoma ni kuona r akasema t. Na upande wa ng' utamkuta mbele ya wenzake wa mikoa mingine, maana mtoto anayemsikia bibi akiuita mji huu Ng'wanza hahitaji kufundishwa sauti hiyo. Anahitaji kuonyeshwa tu kwamba kile kialama kidogo cha juu ndicho kinachoitofautisha ng'ombe na ngoma.

Sasa picha zenyewe. Katika kitabu cha kusoma mwenyewe, picha mbaya ni ile inayotoa jibu. Ukurasa una picha ya kuku mmoja mkubwa na chini yake neno "kuku": mtoto ana haja gani ya kusumbuka na herufi? Picha nzuri ina vitu vingi vinavyowezekana. Kaka amesimama kwenye mtumbwi, kuna nyavu, kuna ndoo, kuna ndege juu ya jiwe, na maneno yanasema "Kaka ana kasia." Hapo hana njia ya kubahatisha. Ni lazima apite ka-si-a, na akimaliza anaitafuta kasia kwenye picha na kuipata. Picha iwe shahidi anayeitwa baada ya kusoma. Kwa hiyo akikwama usimwambie "angalia picha", ingawa walimu wengi tuliwahi kufundishwa kusema hivyo, na mimi nilisema hivyo miaka mingi. Weka kidole chini ya silabi, asome moja moja, aziunganishe, ndipo umuulize: iko wapi hapa?

Katika kitabu cha kusomewa mambo ni kinyume kabisa, na hapo bibi ana haki yote. Picha zikiwa nyingi, zenye siri kwenye pembe, zenye mambo ambayo maneno hayakuyataja, ni bora zaidi. Mkabidhi bibi kitabu hicho jioni. Hahitaji kujua kusoma. Afunue ukurasa, amuulize mjukuu: huyu anakwenda wapi? Kwa nini amekasirika? Unadhani nini kitatokea tukifunua? Na azungumze Kisukuma chake bila woga. Mtoto anayezoea kueleza sababu, kukisia na kupanga matukio kwa lugha ya nyumbani huupeleka ujuzi huo kwenye Kiswahili cha darasani. Hauhitaji kujengwa mara ya pili. Asubuhi silabi na mama, jioni hadithi na bibi. Vitabu viwili tofauti, saa mbili tofauti, na mtoto aambiwe wazi: hiki unanisomea, hiki tunasomewa.

Ukienda kununua, usichague kwa jalada, kwani jalada hupewa rangi zote na fedha zote. Fungua katikati. Tazama herufi kama ni kubwa na zina nafasi, na kama a imechapwa kwa umbo la duara na kijiti kama anavyoiandika kwenye daftari, au ni ile yenye kofia juu. Ile ya kofia atakuja kuizoea, ila si mwezi wa kwanza. Maneno yasiwe yamechapwa juu ya picha, kwa mfano maandishi meusi juu ya maji ya bluu iliyokolea. Neno lisikatwe mwisho wa mstari, sa- huku na maki kule chini. Shika ukurasa mmoja uuelekeze kwenye mwanga: ukiona picha ya upande wa pili inajitokeza sana, karatasi ni nyembamba mno na macho ya mtoto yatachanganyikiwa. Vitabu vya kurasa 16 au 24 vilivyobanwa kwa pini kwenye mkunjo hulala wazi mezani na huvumilia mikono ya watoto, kuliko vile vya gundi ambavyo vikilazimishwa kufunguka huanza kuachia kurasa.

Angalia pia kama picha inakubaliana na maneno ya ukurasa ule ule. Utashangaa jinsi hili linavyovurugika. Mchoraji hupewa maneno bila kuonana na mwandishi, na sketi ya msichana inakuwa nyekundu ukurasa wa nne na kijani ukurasa wa sita, na mtoto anadhani ni wasichana wawili. Niliwahi kupokea michoro ya hadithi ya wavuvi wa ziwa hili: ufukwe ulikuwa na minazi, chombo kilikuwa jahazi la tanga, na kwenye wavu kulikuwa na pweza. Mchoraji alikuwa fundi kweli, ila ziwa lake lilikuwa bahari ya Dar es Salaam. Tulirudisha michoro yote. Mtoto wa Igoma anastahili kuona mawe yaliyopandana kama yale ya Capri Point, dagaa walioanikwa, sangara anayebebwa begani, korongo wanaozengea mabaki ya samaki. Akishaitambua picha anatia bidii kwenye neno, kwa sababu tayari ana la kusema kuhusu kilichopo pale. Minazi na pweza ataviona pia, na ni vizuri avione, lakini kwenye hadithi ya pwani.

Utakutana vilevile na vitabu vilivyochorwa kwa mtindo wa Tingatinga, ule ulioanzishwa na Edward Saidi Tingatinga huko Msasani mwaka 1968. Mimi naupenda mno kwa kitabu cha jioni na bibi: rangi zinawaka, wanyama wana macho makubwa, kila pengo limejazwa nakshi. Kwa kitabu cha silabi siuchagui, kwa sababu ile ile. Nakshi zikiwa kila mahali, jicho la anayeanza halijui litue wapi.

Kama mfuko umebana, na najua umebana, pita Maktaba ya Mkoa hapo mjini uulize vitabu vya watoto kabla ya kununua. Ukiona kitabu kimetolewa kwa msaada wa Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanza mwaka 1991, kipe nafasi ukifungue, kwani vingi vimeandikwa moja kwa moja kwa Kiswahili na watu wa hapa hapa. Na kama una simu yenye intaneti, tafuta African Storybook, iliyozinduliwa mwaka 2014 kutoka Afrika Kusini. Ina hadithi za picha kwa lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwamo, zimepangwa kwa ngazi, na ni ruhusa kuzichapa na hata kuzitafsiri mradi majina ya waandishi na wachoraji yabaki. Ngazi zake nazo zipime kwa silabi kama nilivyokueleza. Steshenari yoyote ya mjini itakuchapia.

Lakini kitabu cha kwanza cha aina ya pili ningependa umtengenezee wewe, jioni ya leo. Chukua karatasi mbili za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, zibane kwa stepla kwenye mkunjo. Umepata kurasa nane. Ukurasa wa kwanza andika jina: Kasia. Wa pili: Kaka ana kasia. Wa tatu: Kasia ni la baba. Wa nne: Kaka ana samaki. Wa tano: Samaki ni sato. Wa sita: Kaka hana kasia! Wa saba: Dada ana kasia. Andika kwa herufi kubwa zenye nafasi, sentensi chini, picha juu. Kila silabi hapo ni nyepesi, hakuna konsonanti zilizoshikana hata mara moja. Kama bado hawajafundishwa h, mngojee kidogo au umfundishe mwenyewe, ni herufi moja.

Michoro isikutishe; vijiti na duara vinatosha. Cha muhimu ni kisa kilichomo ndani ya picha ambacho maneno hayakisemi: ukurasa wa nne kaka amefurahia samaki mpaka ameliachia kasia, wa tano kasia limeanza kuelea nyuma ya mgongo wake, wa sita ameshika kichwa, wa saba dada amechuchumaa juu ya jiwe analinyakua kutoka majini. Mwache asome sentensi kwanza, kisha agundue mwenyewe kasia lilipotelea ukurasa gani. Mtamsikia akirudi nyuma kulitafuta. Baba yake awepo hapo, aone.

Ukurasa wa nane usiandike kitu. Mpe penseli, achore kilichotokea baadaye, na neno atakalolitaka chini yake mwandikie, hata likiwa zito kama mtumbwi.